Cherehani Isiyo na Uzi

Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Kigali, na kwa muda wa miaka kama kumi na mitano alishona karatasi. Watoto wa mtaani walinichokoza kwa hilo. Walisema baba yako amekosa vitambaa, leo anashona karatasi, kesho atashona majani ya ndizi. Niliwarushia mawe. Nilikuwa mtoto wa hasira, na nilipokua sikubadilika sana, kama itakavyoonekana.

Karatasi zilikuwa za Madamu. Hatukumwita vinginevyo, sisi wala majirani. Alikuwa Mwaustria, na kazi yake ilikuwa kupaka kuta nakshi: mizabibu inayotambaa karibu na dari, mashada ya maua juu ya milango, ukanda wa majani unaozunguka chumba kizima. Alifika Kigali miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati mji ulikuwa bado mdogo hivi kwamba ukipiga chafya posta, mtu wa Nyamirambo anakuombea rehema. Alikuja na mume wake aliyekuwa akiezeka majengo. Msimu wa pili wa mvua, mume akafa kwa homa. Watu wakamtazamia mjane afunge mizigo arudi kwao. Hakufunga. Alihamia nyumba ndogo kwenye mteremko kati ya mjini na kwetu, akaanza kutafuta kuta za kupaka.

Siku ya kwanza alipopanda baraza yetu, mimi nilikuwa mdogo, nimekaa chini nikiokota pini na vifungo vilivyoanguka. Alikuwa na karatasi kubwa ameikunja kwapani, na kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa. Alimwomba Baba atoe uzi kwenye cherehani, aache sindano tupu, kisha aipitishe ile karatasi chini ya sindano akifuata mstari uliochorwa kwa penseli. Baba alimtazama Mama. Baadaye alituambia alidhani huzuni imemgusa akili, na mjane huvumiliwa. Basi akatoa uzi, akakanyaga, akafuata mstari wa yule mama kona kwa kona, mpaka mwisho.

Karatasi ilipotoka ilikuwa na matundu madogo yaliyopangana, ukiitazama upande wenye mwanga unaona ua. Madamu akaibandika kwenye ukuta wa baraza yetu bila hata kuomba ruhusa. Akatoa mfukoni kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa, akaigongagonga karatasi, akaiondoa. Ua likabaki ukutani, limechorwa kwa nukta nyeusi. Baba alicheka kwa sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yake mbele ya mteja. Alicheka kwa sababu kazi hiyo aliijua. Baba yake, aliyekuja na wafanyabiashara kutoka pwani akaoa huku, alimfundisha kutia alama za tarizi kwenye kifua cha kanzu kwa namna ileile, kwa chaki iliyosagwa, isipokuwa matundu aliyatoboa kwa mkono.

“Kumbe sisi iko ndugu,” Baba alimwambia.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumanne na kila Alhamisi. Kiswahili chake alikiokota kwetu barazani, na kwa kuwa alikiokota kwa washona nguo, aliongea kama mtu anayetoa vipimo. Ukuta kwake ulikuwa na mabega na kiuno. Dari ikipinda alisema pindo halikukaa. Alimwita Baba “Fundi”, na alipolitamka neno hilo alilitia heshima ambayo sisi tulikuwa tumeisahau. Wazungu wenzake, tuliambiwa, hawakumwalika sana. Kwao msanii alikuwa mtu wa kuchora picha ya kutundikwa, na huyu alikuwa mpakaji rangi tu, mwenye suruali iliyoganda chokaa. Yeye hakuonekana kuumia. Alitueleza kwamba baba yake naye alikuwa mpakaji rangi wa vyumba katika mji wao mdogo, na kwamba kila masika nyumba za kule zilipakwa upya, kwa hiyo kazi yote ya baba yake imelala chini ya kazi za watu wengine. Ukuta ukichafuka unapakwa. Alilisema hilo bila kinyongo, huku akila mandazi ya Mama.

Alikuwa na kawaida moja iliyomkera Baba. Kazi ya nyumba ikiisha, aliichoma ile karatasi yenye matundu. Alisema nyumba moja, ua moja; mtu asikute ua lake kwa jirani. Baba, aliyekuwa hatupi hata kipande cha gazeti kinachotosha kukatia kola, aligeuza uso kila alipoona moto ule.

Hivyo ndivyo nakshi zilivyoenea mjini, zote zikianzia barazani kwetu chini ya mguu wa Baba. Palikuwa na ukumbi wa kulia chakula wa hoteli moja, nyumba ya mkubwa mmoja Kimihurura, duka la vitambaa, kanisa dogo, na nyumba ya tajiri mmoja juu ya Gatsata ambaye alitaka mizabibu hata chooni. Baba aliziona kuta chache sana. Mara moja Madamu alimwingiza katika ule ukumbi wa hoteli, kwa mlango wa jikoni, asubuhi kabla ya wageni. Nilikuwa nimemshika mkono. Alivua kofia, akatembea akitazama juu, taratibu, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine. Karibu na dirisha akasimama. Alisema pale kwenye kona mguu wake ulisita, jani moja limetoka nene. Madamu akajibu kwamba jani hilo ndilo alilipenda kuliko yote, na nilimwona Baba akiona haya.

Kisha Mama akaugua. Nilikuwa nasoma shule ya masista, nikilala hukohuko, na kila nilipokuja likizo nilimkuta amepungua. Ulikuwa ugonjwa wa tumbo ambao hospitali walitupa jina lake tu. Miezi saba alilala chumba cha mbele, kitanda kimeelekezwa ukuta wa upande wa kibla, na ukuta wenyewe ulikuwa mtupu. Madamu akamwendea Baba akasema mtu hawezi kulala miezi akitazama chokaa. Akaomba ruhusa apake.

Baba alisema ruhusa ni ya mgonjwa. Mama alitoa masharti mawili. La kwanza, kisichorwe kiumbe chenye roho, maana pale ndipo alipoelekea akisali, ameketi kitandani. La pili lilihusu gundi. Rangi za Madamu zilikuwa unga, na alizishikamanisha kwa gundi aliyoipika kutoka kwenye ngozi za wanyama. Mama akauliza, ngozi ya mnyama gani? Madamu akajibu ng'ombe. Mama akauliza, wa bucha gani? Mzungu wa watu akatoka, akaenda bucha ya nyuma ya msikiti, akarudi na kwato na mabaki ya ngozi kwenye karai, akayachemsha uani kwetu mchana kutwa. Harufu yake ilifika hadi barabarani. Majirani walikuja mmoja mmoja kuuliza kwa adabu kulikoni. Mama alicheka hadi akashika tumbo, na Baba akaniambia niache vyombo nije nimwone anavyocheka.

Baba alishona karatasi ya ukuta ule kwa siku tatu. Kazi nyingine zote aliziweka kando, hata kanzu za harusi. Madamu alipaka mmea mrefu unaotambaa kutoka pembe hadi pembe, majani ya kijani iliyokolea na maua mekundu madogo, na katikati, mahali macho ya Mama yalipotua akiwa amelala, palikuwa na tawi moja lililoinama. Alitueleza kwamba katika kazi zake zote, tangu kwao, tawi hilo huwa na ndege. Kwa heshima ya Mama hakumchora ndege, lakini tawi alilipinda vilevile, kama kwamba kuna kitu kimelilemea. Mama alilipenda mno. Asubuhi alikuwa akiniambia habari za yule ndege asiyekuwepo, “Leo iko ametoka mapema.” Akiwa na maumivu alisema bado hajarudi.

Alifariki siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri. Ukuta ulikuwa upande wa kibla, kwa hiyo hatukuhitaji kumgeuza.

Mtu asiyelelewa Biryogo huenda asijue desturi yetu ya chokaa. Siku za mwisho za Ramadhani, kabla ya Idi, mtaa mzima hupaka nyumba, nje na ndani. Unaona ndoo kila mlango, wanaume wamefunga vilemba vya magazeti, wanawake wanawakaripia kwa matone sakafuni. Mgeni hawezi kukaribishwa katika nyumba ambayo haijapakwa. Ni aibu, sawa na kumpokea umevaa nguo ya kulalia. Basi Idi ya kwanza baada ya msiba, mpakaji chokaa alipofika chumba cha mbele, nilisimama mbele ya ukuta wa Mama nikamwambia huu hauguswi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba akaitoa ndoo nje. Na kila mwaka uliofuata ikawa hivyo: kuta tatu nyeupe, wa nne umeachwa. Moshi wa mkaa ukaushika, mvua ikapenya kwenye pembe, majani yakaanza kuwa ya kahawia. Majirani walitania kwamba nyumba yetu imevaa kanzu safi na kofia chafu. Baba alitabasamu tu. Sikuwahi kumuuliza kama anaona aibu.

Madamu aliendelea kuja barazani, lakini mikono ilianza kumtetemeka. Alichora mstari, akaufuta, akauchora tena. Mwishowe alikuwa anamwambia Baba afuate pale mstari ulipotaka kwenda, si pale ulipokwenda, na Baba aliweza. Miaka michache baadaye dada yake alimwita kwao. Siku ya kuondoka alimpa Baba mkono kwa muda mrefu, wakatazama cherehani wote wawili kana kwamba ndiyo inayosafiri. Baba aliniambia jioni ile kwamba amefiwa na mtu ambaye hajafa.

Barua zake zilikuja mwishoni mwa kila mwaka, kwa Kifaransa. Mimi ndiye niliyezisoma. Nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja Kimihurura, ndoa yangu ilikuwa imeshavunjika, nikarudi kuishi na Baba na kuendesha nyumba. Barua zilifikia sanduku la ofisini. Nyumbani nilimfasiria Baba, kila alipotaka na mara alizotaka, na yeye alinipa majibu ya kuandika: hali ya mvua, bei haisemwi, cherehani inamsalimu. Mimi ndiye niliyekuwa mlango kati yao. Na mlango, nimejifunza, unaweza kufungwa na mtu mmoja tu.

Kitu ambacho hatukumwandikia ni habari za kuta zake. Ukumbi wa hoteli ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani. Duka la vitambaa lilibomolewa. Kanisani walipaka buluu. Nyumba ya Kimihurura ilipata mkubwa mwingine, na mke wake alipenda kuta tupu. Ya Gatsata nilipita mwenyewe kuichungulia. Ilikuwa gereji, na mizabibu imefunikwa na grisi. Ukabaki ukuta wetu. Mji mzima, kazi ya miaka kumi na mitano ya watu wawili, ikabaki ule ukuta mmoja wenye moshi, na mimi nikiulinda kama askari. Nilijivunia jambo hilo. Nilijiona ndiye mtu pekee mwenye kumbukumbu katika nyumba ile.

Ndipo ikaja barua kwa mwandiko nisioujua. Mpwa wa Madamu, binti wa kaka yake, aliandika kwamba shangazi yake amefariki. Aliandika kwamba atapita Kigali baada ya wiki mbili na angependa kutuona. Akaongeza kwamba angeleta kamera apige picha ya ukuta wowote uliobaki, kwa sababu hata kwao hakuna kilichobaki. Niliisoma ofisini wakati wa chakula, siku ambayo mkuu wangu alikuwa amenirudishia barua mara nne kwa sababu ya nafasi za pembeni. Nilifika nyumbani nimechoka na nimekasirika. Nilimwambia Baba mambo mawili tu: Madamu amefariki, na mpwa wake anakuja kututembelea. Baba alijifuta macho kwa pindo la shati. Kisha akauliza siku. Nilimtajia siku. Habari ya kamera na ukuta sikuigusa. Nilijiambia nitamsomea barua yote vizuri, kesho.

Kesho haikufika. Kulikuwa na harusi ya binamu yangu Butare, nikaenda siku tatu, nikarudi siku moja kabla ya ugeni. Nilipofungua geti nilisikia harufu ya chokaa mbichi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba cha mbele. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni. Alimwita mpakaji chokaa apake juu, na sehemu ya chini, aliyoweza kuifikia, alipaka mwenyewe, mzee aliyepita sabini na macho yameingia ukungu. Kuta zote nne zilikuwa nyeupe. Upande wa kibla palikuwa bado na unyevu.

“Umeona?” aliniambia. “Sasa mgeni anaweza kuingia.”

Nilimwambia: “Leo umemzika Mama mara ya pili.”

Nimeandika hapo maneno yangu kama yalivyotoka, kwa sababu nimekuwa nikiyapunguza makali kila nikiyasimulia, na sitaki kuyapunguza tena. Baba alibaki na brashi mkononi. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuelewa kosa lake liko wapi:

“Mi nilifikiri anakuja kutuona siye.”

Angekuwa mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilitoa barua mkobani, nikamsomea sasa ile yote niliyokuwa nimeiacha, mstari kwa mstari, nikifasiri kila neno kwa uwazi mkubwa, kamera, ukuta, kilichobaki. Nilimsomea kama mtu anayepiga. Alipokwisha kuelewa aliinuka, akalowesha kitambaa, akaanza kufuta ukuta upande wa kitandani. Chokaa ilitoka, na rangi ya Madamu ikatoka pamoja nayo, maana ile gundi ya kwato haikuwahi kupatana na maji. Kitambaa kikawa cha rangi ya udongo. Nilimwambia aache. Hakuacha mpaka nilipomnyang'anya.

Kesho yake mgeni alifika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kamera imening'inia shingoni. Baba alivaa kanzu yake ya Idi. Alikuwa ametengeneza chai ya tangawizi mwenyewe, akaagiza sambusa kwa jirani, akatandika mkeka mpya. Alimkaribisha kwa maneno ya zamani ya nyumbani kwao, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akasimama katikati ya chumba akazungusha macho kwenye kuta nne nyeupe. Nilimweleza kwa Kifaransa, kwa ufupi, nikimtazama Baba wakati wa kusema nani aliyefanya. Yule mama akaifunika kamera kifuniko chake.

Baba akamwashiria amfuate barazani. Aliketi kwenye cherehani yake. Akatoa uzi, kwa shida, akipapasa sindano, akachukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita na kuigeuza upande mweupe. Hapakuwa na mstari wowote wa penseli. Akakanyaga, akaizungusha ile karatasi kwa viganja, akageuza kona, akarudi, na alipoitoa aliinua juu kwenye mwanga. Lilikuwa tawi, limeinama. Mguu ulisita mahali pamoja, na jani moja lilitoka nene. Mgeni alilia wazi, bila kujificha, akaketi kwenye ngazi ya baraza. Halafu akafunua kamera akampiga Baba picha akiwa ameshika karatasi ile.

Nikamimina chai. Mgeni akashika kikombe kwa mikono miwili, akaanza kuongea nami huku macho yake yakiwa kwa Baba. Alisema shangazi yake katika siku za mwisho hakuzungumzia kuta kabisa. Alijua zitakuwa zimepakwa zote. Hiyo ndiyo kazi ya ukuta. Habari ya picha lilikuwa wazo lake yeye mpwa, na sasa anaona lilikuwa wazo dogo. Shangazi alimtuma kwa fundi. Alimwagiza amwambie hivi: mstari ulikuwa wako, Fundi, na katika maisha yangu yote nilikuwa na mwenzi mmoja tu wa kazi.

Akanisubiri nifasiri.

Baba aliniuliza, “Anasema nini?”

Sina udhuru. Sikuwa nimechanganyikiwa, wala sikukosa maneno. Maneno nilikuwa nayo yote mdomoni, mepesi, ya Kiswahili. Lakini hasira ya jana ilikuwa bado haijanitoka, na nilisikia kwamba yule mama amemsamehe, tena zaidi ya kumsamehe, amempa haki. Na kama Baba alikuwa na haki, mimi na ulinzi wangu wa miaka yote tulikuwa nini? Sikutaka apate tuzo siku ile. Nilitaka akae na kosa lake japo kidogo.

“Anashukuru kwa chai,” nilisema.

Mgeni hakujua Kiswahili. Alikuwa akimtazama Baba usoni, akingoja uso ubadilike. Baba akainua birika akamwongeza chai.

Aliondoka alasiri hiyohiyo. Baba alimsindikiza hadi barabara ya lami, ameshika fimbo, na aliporudi alikaa chumba cha mbele. Tangu siku hiyo ndipo palipokuwa mahali pake. Barazani alikwenda kwa nadra, na cherehani ilifunikwa kitambaa. Siku moja nilirudi kazini mapema nikamkuta amepiga magoti anakwangua ukuta kwa wembe wake wa kufumulia nyuzi, taratibu sana, kama anayefumua mshono bila kukata kitambaa. Alikuwa amefikia eneo la ukubwa wa kiganja. Chini yake palikuwa na saruji. Aliniambia alidhani labda mahali pamoja pameshika. Nilimwinua nikamnawisha mikono. Hapo pia ningeweza kusema.

Wazee husema hasira hasara, na sisi tunadhani hasara hiyo ni sahani iliyovunjwa. Hasira yangu ilikwisha ndani ya wiki mbili. Kilichobaki ilikuwa aibu, na aibu ni mbaya zaidi, kwa sababu kumwambia maneno ya mgeni kulikuwa ni kumwambia pia kwamba niliyaficha. Nikatafuta siku nzuri. Nikaamua iwe Idi. Siku ya Idi watu huombana radhi, kila mtu na mwenzake, hata wasiokoseana, na ombi langu lingepita kati ya mengine. Nilipanga hata jinsi ya kuanza. Nilikuwa hodari wa kupanga.

Baba alifariki mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya mfungo, mchana, usingizini. Alikuwa amelala chumba cha mbele, kwenye kile kitanda, uso upande wa ukuta. Yeye pia hatukuhitaji kumgeuza.

Wanaume walipomaliza kumwosha na kumvika sanda, waliniachia nafasi niingie kumuaga, kabla ya kufunga upande wa uso. Nilifunga mlango. Majirani wawili walikuwa nje wakigawa vikombe, nikawasikia wakiulizana sukari iko wapi. Niliketi kwenye kigoda chake. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, na kile kiganja cha saruji.

Nilimwinamia sikioni nikamfasiria. Nilianza mwanzo, pale mgeni aliposhika kikombe kwa mikono miwili. Nilisema kuta zitakuwa zimepakwa, hiyo ndiyo kazi ya ukuta. Nilisema mstari ulikuwa wako, Fundi. Nilisema mwenzi mmoja tu wa kazi. Niliyasema yote kwa Kiswahili cha nyumbani, neno kwa neno, bila kuruka hata moja, kisha nikamtazama usoni, nikangoja ubadilike.